Kliniki Kama Darasa la Kwanza: Elimu ya Awali Inayomlenga Mtoto, kutoka Nchi Mbalimbali hadi Kilosa na Mikumi

Utangulizi

Siku ya kliniki katika zahanati ya kijiji huanza mapema. Akina mama hufika na watoto mgongoni, kadi zikiwa ndani ya mifuko ya plastiki zisilowe, nao hukaa kwenye mabenchi kungoja zamu ya mzani. Mtoto hupimwa uzito, nukta huwekwa kwenye mchoro wa kadi, chanjo hutolewa, kisha safari ya kurudi nyumbani huanza. Kwa mtoto asiye na tatizo, shughuli yote mbele ya mhudumu huchukua dakika chache. Kungoja ndiko huchukua saa.

Somo hili linahusu saa hizo na dakika hizo. Hoja yake ni kwamba mtoto wa Kilosa au Mikumi hukutana na mhudumu wa afya miaka mitano kabla ya kukutana na mwalimu wa darasa la awali. Ubongo wake haungoji darasa hilo. Anapotimiza miaka 2 tu, ubongo wa binadamu huwa umefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa utakaokuwa nao utu uzimani. Hivyo basi, tukisema elimu huanza shuleni, tunakuwa tumeiacha ipite sehemu kubwa ya kazi ambayo ingefanyika nyumbani, kwa msaada wa kliniki.

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya na mzazi waweze: kueleza maana ya elimu inayomlenga mtoto; kutaja mafunzo yaliyopatikana katika nchi mbalimbali; kuchagua michezo inayofaa kila umri; na kutambua dalili za mtoto anayehitaji uchunguzi zaidi.

Elimu inayomlenga mtoto ni nini?

Katika ufundishaji uliozoeleka, mtu mzima huamua kila jambo. Watoto hukaa kwa mistari, husikiliza, kisha huitikia kwa pamoja. Elimu inayomlenga mtoto huanzia upande wa pili. Mtu mzima humtazama mtoto kwanza: anaweza nini, anavutiwa na nini, anakwama wapi. Ndipo huandaa mazingira na shughuli zinazomsogeza hatua moja mbele.

Njia hii si ya kumdekeza mtoto wala ya kuacha nidhamu. Misingi yake ni mitatu. Kwanza, mtoto hujifunza kwa kutenda: kushika, kuonja, kudondosha, kurudia. Pili, mchezo ni kazi ya mtoto, wala si upotezaji wa muda. Tatu, mtu mzima huitikia: mtoto akitoa sauti, hujibiwa, akinyoosha kidole, kile anachokionyesha hutajwa jina. Jambo hili la tatu wataalamu wetu huliita malezi yenye mwitikio.

Mhudumu wa afya hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumchunguza. Elimu inayomlenga mtoto inatudai uchunguzi uleule kabla ya kufundisha. Pengine ndiyo maana waasisi wake kadhaa walikuwa madaktari.

Madaktari waliotoka wodini kwenda kwa watoto

Maria Montessori alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, Italia, mwaka 1896. Alifanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili, waliokuwa wakifungiwa bila chochote cha kushika wala kuchezea. Aliona kwamba wakipewa vitu vya kutendea kazi kwa mikono, wengi walijifunza mambo ambayo watu walidhani hayawezekani. Akajiuliza: ikiwa hawa wanaweza, kwa nini watoto wengine tunawafundisha kwa kuwakalisha kimya? Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, makazi ya wafanyakazi maskini wa Roma. Meza na viti vilikuwa vidogo, vya kimo cha mtoto. Watoto walipanga, walimimina maji, walifunga vifungo, walifagia. Kila kifaa kilimwonyesha mtoto kosa lake mwenyewe, kwa mfano kipande kisichoingia kwenye tundu lake, bila mtu kumkemea.

Mwaka huohuo wa 1907, Ovide Decroly, daktari wa Ubelgiji, alifungua shule jijini Brussels. Yeye alikusanya masomo kuzunguka mahitaji ya maisha: kupata chakula, kujikinga na hali ya hewa, kujihami na hatari, na kufanya kazi. Mtoto alianza na jambo analolijua, kisha kusoma na kuhesabu vikafuata.

Janusz Korczak, daktari wa watoto wa Warsaw, Poland, aliongoza makao ya yatima tangu mwaka 1912. Huko watoto walikuwa na baraza lao la kuamua mashauri, na hata mkubwa aliyewakosea aliweza kushitakiwa humo. Mwezi Agosti 1942 Wanazi walipowachukua watoto hao kwenda kuuawa Treblinka, alikataa kuachana nao, akafa pamoja nao. Poland ndiyo iliyopendekeza mwaka 1978 kuwepo kwa Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989. Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na mwaka 2009 ikatunga Sheria ya Mtoto. Wazo kwamba mtoto ni mtu kamili leo, na si mtu mtarajiwa tu, lina deni kwa daktari huyo.

Wa nne ni Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Hungaria, aliyeanzisha makao ya watoto wachanga jijini Budapest mwaka 1946. Funzo lake linawahusu wauguzi moja kwa moja. Alisisitiza kwamba kuogesha, kuvalisha na kulisha si kazi za kumaliza haraka ili mtoto apate muda wa kujifunza baadaye. Kazi hizo zenyewe ndizo somo. Mlezi humwambia mtoto kinachofuata, humwonyesha nguo, humngoja anyooshe mkono, kisha huendelea. Mtoto mchanga akijua kitakachomtokea, hushirikiana badala ya kupambana.

Mkeka wa Nyuzilandi

Mwaka 1996 Nyuzilandi ilitoa mtaala wa watoto wadogo unaoitwa Te Whāriki, maneno ya lugha ya Wamaori yenye maana ya mkeka uliosukwa. Nyuzi zake ni tano: afya na ustawi, kujiona ni wa mahali pale, kutoa mchango, kuwasiliana, na kuchunguza. Kila msusi wa mikeka wa kwetu anaelewa fumbo hilo: ukichomoa uzi mmoja, mkeka mzima hulegea. Afya ndiyo uzi wa kwanza, lakini haiwezi kuwa mkeka peke yake.

Jamaika: wahudumu wa afya waliobeba vichezeo

Ushahidi unaotuhusu zaidi unatoka Kingston, Jamaika. Katika miaka ya 1986 na 1987, timu ya Sally Grantham-McGregor iliandikisha watoto 129 wenye udumavu, wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya maskini. Waligawanywa katika makundi manne: waliopata chakula cha nyongeza, waliopata uchangamshi, waliopata vyote viwili, na ambao hawakupata kimojawapo. Uchangamshi haukufanywa na maprofesa. Wahudumu wa afya wa jamii walikwenda nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja kila safari, kwa miaka miwili. Walibeba vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, wakamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, kisha wakamwachia vichezeo hadi wiki iliyofuata.

Watoto hao walifuatiliwa hadi ukubwani. Walipofika umri wa miaka 22, waliopata uchangamshi walikuwa na kipato kinachozidi cha wenzao kwa wastani wa asilimia 25. Faida ya chakula cha nyongeza peke yake haikuonekana tena katika umri huo. Tusilisome vibaya funzo hili. Halisemi kwamba lishe si muhimu. Linasema kwamba mtoto mwenye udumavu anahitaji sahani na mchezo kwa pamoja, na kwamba mtu wa kuufikisha mchezo huo anaweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Mombasa, Zanzibar na Kampala

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Waislamu wa Mombasa walieleza wasiwasi kwamba watoto wao walikuwa wakifika shule ya msingi bila maandalizi. Kwa msaada wa Mtandao wa Maendeleo wa Aga Khan na uongozi wa mwalimu Swafiya Said, mpango wa madrasa za awali ulianza Mombasa mwaka 1986, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Mpango huo ulichukua mbinu iliyokomaa Marekani, ambayo humtaka mtoto apange atakachofanya, akifanye, kisha asimulie alichofanya. Lakini haukuichukua kama ilivyo. Wanawake wa mitaa yenyewe ndio waliofundishwa ualimu. Vifaa vilitokana na vifuu, kokoto, mbegu, vitambaa na makopo. Nyimbo na hadithi zilikuwa za Kiswahili, maadili yakatokana na dini na utamaduni wa wenyeji, na kila kijiji kilikuwa na kamati yake. Funzo ni kwamba mbinu ya kigeni hustawi inapovikwa nguo ya nyumbani.

Hali ya Kilosa na Mikumi

Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka 2021/22 hadi 2025/26, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Ndani yake zimo nguzo tano za malezi jumuishi: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo mbili za kwanza zina mzani, kadi na chanjo. Nguzo ya tatu na ya nne mara nyingi hazina mtu wa kuziulizia.

Mji wa Kilosa umekaa kando ya Mto Mkondoa, katika Reli ya Kati. Mikumi iko kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia, jirani na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Kama Decroly angefundisha hapa, asingetafuta mada mbali. Mtoto wa Kilosa anajua treni na mto unaofurika. Wa Mikumi anajua malori na tembo. Wa Ruhembe na Kidodi anajua miwa. Hapo mna hesabu, lugha na somo la kujihami na hatari, bila kununua kitabu.

Lakini hali hiyohiyo huleta ugumu. Msimu wa kilimo mama huamkia shambani, na mtoto huachwa na dada yake wa miaka minane. Familia ya wafugaji huhama na mifugo. Nyumbani huzungumzwa Kikaguru, Kisagara, Kividunda au Kimaasai, huku kliniki ikitumia Kiswahili. Ushauri usiojali mambo haya hubaki kwenye benchi la kliniki.

Kuhusu dada wa miaka minane, tunaye mwalimu mwingine wa kutusaidia. David Morley, daktari wa watoto kutoka Uingereza, alipofanya kazi kijijini Nigeria katika miaka ya 1950, alieneza desturi ya mchoro wa ukuaji unaotunzwa na mama mwenyewe; kadi zetu za kliniki zimo katika ukoo huo. Mwaka 1978 alishiriki kuanzisha mpango wa Mtoto kwa Mtoto, uliowafundisha wanafunzi namna ya kuwatunza na kuwachangamsha wadogo zao. Kwa hiyo mhudumu anayetembelea shule ya msingi anaweza kumfundisha dada huyo michezo mitatu ya mtoto mchanga, na somo likafika nyumbani jioni ileile. Pamoja na hayo, tukumbuke kwamba dada huyo naye ni mtoto: kazi yake ni kucheza na mdogo wake, si kuchukua nafasi ya mzazi kwa siku nzima.

Mfano wa mazungumzo ya kliniki

Chukua mfano wa bibi aliyemleta mjukuu wa miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubella.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mjukuu anaendeleaje?”

“Hajambo, tunashukuru Mungu. Anakula.”

“Huwa mnacheza naye mchezo gani?”

“Ah, mwanangu, huyu ana mchezo gani? Yeye ni wa kubebwa tu.”

Mhudumu asitoe hotuba. Amwombe bibi achukue kikombe, amwonyeshe mtoto, kisha akifunike kwa ncha ya khanga. Mara nyingi mtoto wa umri huu atavuta khanga na kukitafuta. Bibi atacheka na kusema, “Kumbe anajua!” Maneno hayo yana thamani kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu bibi ameona kwa macho yake kwamba mtoto anakumbuka na kufikiri. Mhudumu amsifu bibi, si mtoto tu: “Umemngoja mpaka akakitafuta mwenyewe. Fanyeni hivyo kila siku anapoamka.” Jambo zima limechukua dakika mbili.

Michezo kulingana na umri

Kuzaliwa hadi wiki ya 6: Uso wa mama ndicho kichezeo cha kwanza. Mtazame anaponyonya, mwite jina, mwimbie kwa lugha ya nyumbani.

Wiki ya 10 na ya 14: Akitoa sauti, irudie, kisha ngoja ajibu. Mlaze kifudifudi juu ya kitambaa safi akiwa macho, chini ya uangalizi. Mpe manyanga madogo yaliyozibwa vizuri.

Miezi 6: Anapoanza chakula cha nyongeza, taja kila chakula, mwache ashike kijiko chake, soma dalili za njaa na shibe. Usimlishe kwa nguvu.

Miezi 9 hadi 12: Kuficha kitu na kukitafuta, kupiga makofi, kupunga mkono wa kwaheri, kugonga sufuria kwa mwiko.

Miezi 12 hadi 18: Kutia vitu koponi na kuvitoa, kupanga makopo, kuvuta gari la kopo, kutaja viungo vya mwili.

Miaka 2 hadi 5: Kutenganisha mbegu au mawe kwa rangi na ukubwa, kufinyanga udongo, hadithi na vitendawili, na kazi ndogo za kweli kama kufagia kwa ufagio mfupi au kupeleka kikombe kwa babu.

Kwa usalama, mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe kitu kinachoweza kuingia chote mdomoni, kama punje ya mahindi, gololi au kifuniko cha soda. Simu si kichezeo: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asitazamishwe skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

Dalili zinazohitaji uchunguzi

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vinaonyesha kwamba mtoto mwenye afya huweza kuketi bila msaada popote kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea mwenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Kwa hiyo mama asitishwe kwa sababu mtoto wa jirani ametangulia. Hata hivyo, mtoto afanyiwe uchunguzi iwapo:

1. Ana miezi 4, naye hatabasamu, hafuati kitu kwa macho au hashtushwi na sauti kubwa.
2. Amepita miezi 9, naye haketi bila msaada.
3. Ana miezi 18, naye hatembei.
4. Ana miaka 2, naye haunganishi maneno mawili.
5. Katika umri wowote, amepoteza uwezo aliokuwa nao. Hili ni la haraka.

Ulizeni pia kuhusu sikio linalotoa usaha, upungufu wa damu, selimundu, na degedege au malaria kali iliyopita. Mtoto anayeitwa mzito darasani pengine hasikii tu.

Mipaka ya somo hili

Mchezo hautibu malaria wala haujazi sahani. Mtoto mwenye homa au njaa hachezi, na mtoto aliyeacha kucheza ni taarifa ya kitabibu. Vilevile, mama asiyezungumza na mwanawe huenda si mzembe. Huenda amechoka, anapigwa, au ana sonona baada ya kujifungua. Aulizwe hali yake kwanza, kwa faragha. Tukimlaumu, hatarudi, na tutakuwa tumempoteza yeye na mtoto. Kumlenga mtoto kunapita kwa mama.

Hitimisho

Montessori alianza na watoto waliokuwa wamekatiwa tamaa, wahudumu wa Kingston wakaanza na wenye udumavu, na akina mama wa Mombasa wakaanza na vifuu na kokoto. Hakuna aliyengoja mpaka kila kitu kiwepo. Kliniki zetu zina mtoto, mama, benchi na saa ya kungoja. Kitenge kitandikwe chini karibu na benchi hilo, makopo machache safi yawekwe juu yake, na kila mtoto anaposhushwa kwenye mzani mama aulizwe swali moja la ziada: mnacheza naye nini nyumbani?

Maswali ya kujipima

1. Ni jambo gani linalofanana kati ya kumchunguza mgonjwa na kumfundisha mtoto?
2. Watoto wa Jamaika waliopata uchangamshi walitofautianaje na waliopata chakula peke yake walipofika miaka 22?
3. Taja vitu vitatu vya nyumbani kwako vinavyofaa kuwa vichezeo salama kwa mtoto wa mwaka mmoja.
4. Mama anasema mwanawe wa miezi 14 bado hatembei. Utamshauri nini, na utamwuliza nini zaidi?
5. Katika kituo chako, saa ya kungoja inaweza kutumikaje kuanzia siku ya kliniki ijayo?